Kusita Mlangoni: Historia ya Mgeni wa Mitandao ya Kijamii na Lugha ya Kumpokea katika West Nile, Uganda

Ikisiri

Katika mijadala ya sera za kidijitali, mtu anayechelewa kujiunga na mitandao ya kijamii huelezwa kwa upungufu: hana simu, hana elimu, au umri umempita. Makala haya yanayahoji maelezo hayo kwa kufuatilia historia ya kujiunga na mitandao hiyo katika Logiri na maeneo mengine ya Arua na Koboko, West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda. Hoja kuu ni kwamba kusita kwa mgeni huyo ni kumbukumbu ya hatua halisi zilizochukuliwa na dola na kampuni za mawasiliano kati ya mwaka 2012 na 2022, yaani usajili wa laini za simu, kodi ya kila siku, kufungwa kwa mitandao wakati wa uchaguzi, na sheria ya matumizi mabaya ya kompyuta. Hatua hizo zilikutana na suala la lugha. Kiswahili, ambacho kingeweza kumpokea mgeni huyo, kilifika West Nile kwa njia ya kambi, shamba na soko, ilhali simu inamsemesha kwa istilahi zilizoundwa mbali na njia hizo. Makala yanapendekeza namna ambavyo vyombo vya Kiswahili vya kikanda vinaweza kuziba pengo hilo.

Istilahi muhimu: mitandao ya kijamii, West Nile, Kiswahili nchini Uganda, kiolesura, sera ya lugha

1.0 Utangulizi

Wahenga walisema kwamba aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Kwa kawaida methali hii hutumiwa kumcheka mwoga. Mwanahistoria ana sababu ya kuisoma kwa kuanzia upande wa pili, akauliza kwanza habari za nyoka: aliuma lini, wapi, na mara ngapi. Makala haya yanafanya hivyo kuhusu mtu ambaye sera za mawasiliano humtaja kwa haraka na kumpita, yaani mtu mzima wa kijijini aliyeingia katika WhatsApp au Facebook kwa kuchelewa, kwa shingo upande, na ambaye hata baada ya kuingia anaendelea kulalamika. Mtu huyo anaitwa hapa mgeni mwenye kusita.

Logiri iko katika eneo la Vurra wilayani Arua, karibu na mpaka wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Lugha ya wenyeji ni Kilugbara, lugha ya Kisudani ya Kati inayozungumzwa pande zote mbili za mpaka. Sensa ya Uganda ya mwaka 2014 ilihesabu Walugbara takriban milioni 1.1 ndani ya Uganda pekee. Koboko, iliyo kaskazini zaidi, inapakana na Kongo na Sudani Kusini kwa pamoja, na wenyeji wake wengi ni Wakakwa, ambao lugha yao ni ya kundi la Kinailoti cha Mashariki. Kwa hiyo eneo lote ni la watu wenye jamaa ng'ambo ya mpaka, na kwa kawaida watu wa namna hiyo ndio wanaotarajiwa kuupokea haraka mtandao unaounganisha walio mbali. Swali la makala ni kwa nini katika mazingira kama hayo mgeni bado akasita. Jibu linatafutwa katika kumbukumbu za umma, yaani sheria, matangazo ya taasisi, historia ya eneo na historia ya programu zenyewe.

2.0 Kutoka simu ya wengi hadi akaunti ya mmoja

Simu ya mkononi haikuanza vijijini kama mali ya mtu binafsi. Kampuni ya MTN ilianza huduma nchini Uganda mwaka 1998, na mwaka 2003 ikishirikiana na Grameen Foundation ilianzisha mpango wa simu za vijijini. Katika mpango huo mfanyabiashara mdogo alichukua simu kwa mkopo, akauza muda wa maongezi kwa majirani. Aliyetaka kuzungumza na ndugu yake Kampala alikwenda kwa mwenye simu, akalipa, akazungumza, akaondoka. Hakuulizwa tarehe ya kuzaliwa, wala hakutakiwa kukumbuka neno la siri. Mwaka 2004 Radio Pacis ilianza kutangaza kutoka Arua katika lugha za eneo, na redio ikawa chombo kingine cha mawasiliano ya pamoja: taarifa moja iliwafikia wengi kwa lugha yao, bila msikilizaji kujitambulisha kwa yeyote.

Mitandao ya kijamii ilikuja na dhana tofauti kabisa ya mtumiaji. Facebook ilifunguliwa kwa umma mwaka 2006, na WhatsApp ilianzishwa mwaka 2009. Zote mbili zilimwona mtumiaji kuwa mtu mmoja, mwenye jina moja na akaunti moja. WhatsApp iliongeza sharti la namba moja ya simu. Katika kaya ambayo simu moja ni ya baba, mama na watoto wawili wanaosoma, dhana hiyo ni tatizo kabla ya tatizo lingine lolote. Akaunti inakuwa ya nani? Ujumbe wa mazishi ukija mchana, mtoto akausoma, akasahau kusema, mwenye akaunti huhesabiwa kuwa amepata habari na kunyamaza.

Namba yenyewe si kitu cha kudumu. Laini isiyotumika kwa muda hufungwa, na baadaye namba hupewa mteja mwingine. Mgeni anayenunua laini anaweza kupokea madai ya deni la mtu asiyemjua, au kuambiwa kuwa namba yake tayari ina akaunti. Katika vijiji vya mpakani simu hunasa pia mawimbi ya kampuni za nchi jirani, na namba ya uthibitisho inayotumwa kwa ujumbe mfupi inaweza kuchelewa hadi muda wake ukapita. Suala la nishati nalo lilikuwepo. Hadi mwaka 2024 West Nile haikuwa imeunganishwa na gridi ya taifa. Ilitegemea mitambo ya ndani, ikiwemo ile ya maji ya Nyagak yenye megawati 3.5 iliyozinduliwa mwaka 2012, pamoja na jenereta za mafuta. Kwa asiye na umeme wala sola nyumbani, kuchaji simu kulimaanisha kuipeleka dukani, kulipa na kungoja. Simu ya kawaida ya kupiga na kupokea ilidumu na chaji siku kadhaa. Simu janja haikudumu hivyo. Mkulima aliyekataa kubadilisha ya kwanza kwa ya pili alikuwa amepiga hesabu.

3.0 Milango minne ya dola

3.1 Kitambulisho

Sheria ya mwaka 2010 kuhusu kunasa mawasiliano iliweka msingi wa usajili wa laini za simu, na usajili wenyewe ulianza mwaka 2012. Uandikishaji wa vitambulisho vya taifa ulianza mwaka 2014. Mwaka 2017 Tume ya Mawasiliano ya Uganda iliagiza kila laini ithibitishwe upya kwa namba ya kitambulisho cha taifa, la sivyo izimwe; tarehe ya mwisho ilisogezwa hadi mwezi Agosti baada ya malalamiko.

Katika eneo la mpakani agizo kama hilo lina uzito wa pekee. Mwaka 1979, baada ya utawala wa Idi Amin kuanguka, na zaidi kuanzia 1980, watu wengi wa West Nile walikimbilia Zaire na Sudani, na wengi hawakurudi hadi katikati ya miaka ya 1980. Mtoto aliyezaliwa uhamishoni ni mtu mzima leo. Kwake swali la mahali alipozaliwa, ambalo kwa mkazi wa Kampala ni la kujaza fomu tu, linaweza kufungua mjadala mrefu kuhusu uraia. Mtu aliyewahi kuutetea uraia wake mbele ya karani hana haraka ya kuandika jina, tarehe na mahali pa kuzaliwa katika fomu nyingine asiyojua inasomwa na nani.

3.2 Kodi

Mwezi Machi 2018 Rais Yoweri Museveni alimwandikia Waziri wa Fedha, akilalamikia umbea wa mitandaoni na gharama zake, na kutaka watumiaji watozwe. Kuanzia tarehe 1 Julai 2018 kila aliyetaka kutumia WhatsApp, Facebook, Twitter na programu za aina hiyo alipaswa kulipa shilingi 200 kwa siku, mbali na bei ya kifurushi cha intaneti. Kodi hiyo, iliyojulikana kwa jina la OTT, ililipwa kupitia pesa za simu, na wakati huohuo miamala ya pesa za simu ikawekewa kodi ya asilimia 1. Maandamano yalifanyika Kampala mwezi huohuo wa Julai, na kodi ya miamala ikapunguzwa baadaye hadi asilimia 0.5, tena kwa utoaji wa fedha tu. Kodi ya mitandao ilibaki.

Matokeo yake yanajulikana. Takwimu za Tume ya Mawasiliano zilionyesha kuwa idadi ya watumiaji wa intaneti ilishuka kwa zaidi ya milioni 2 ndani ya miezi mitatu ya mwanzo. Katika mwaka wa fedha 2018/19 Mamlaka ya Mapato ilikusanya takriban shilingi bilioni 50, ilhali lengo lilikuwa bilioni 284. Wengi waliendelea kutumia mitandao kwa programu za VPN, ambazo hupitisha mawasiliano katika mitambo ya nchi nyingine ili yasitambulike. Mwezi Julai 2021 kodi hiyo ilifutwa, ikawekwa nyingine ya asilimia 12 kwenye vifurushi vya intaneti.

Jambo ambalo takwimu haziwezi kulionyesha ni somo alilolipata aliyekuwa bado nje. Kwa miaka mitatu mgeni aliona kwamba majirani zake walioingia walikuwa wa makundi mawili: wanaolipa kila siku kwa ajili ya kuzungumza, na wanaokwepa kwa hila. Kwa mtu anayejiheshimu kijijini, kundi la kwanza lilionekana la ufujaji na la pili lilionekana la hatari. Kubaki na simu ya kawaida kulikuwa njia ya kuepuka yote mawili.

3.3 Kufungwa

Siku ya uchaguzi mkuu, tarehe 18 Februari 2016, mitandao ya kijamii ilifungwa nchini kote pamoja na huduma za pesa za simu, na mitandao ikafungwa tena mwezi Mei kabla ya Rais kuapishwa. Mwezi Januari 2021, baada ya Facebook kuondoa akaunti kadhaa zilizohusishwa na serikali, serikali iliifunga mitandao ya kijamii tarehe 12 na kuzima intaneti yote jioni ya tarehe 13, mkesha wa uchaguzi. Intaneti ilirudi siku tano baadaye, na mitandao mingine ikafunguliwa mwezi Februari. Facebook ilibaki imefungwa kwa miaka iliyofuata.

Ng'ambo ya mpaka hali ilikuwa hiyohiyo. Kongo ilizima intaneti tarehe 31 Desemba 2018, siku moja baada ya uchaguzi wake, na kuirudisha baada ya takriban majuma matatu. Familia yenye watu Logiri na Aru, au Koboko na Ariwara, ilikatiwa mawasiliano mara moja na serikali hii na mara nyingine na serikali ile. Mawasiliano hayo ndiyo yaliyotumiwa kumshawishi mgeni ajiunge, kwamba atakuwa karibu na ndugu zake wakati wowote, lakini yalikoma hasa katika siku ambazo mtu wa West Nile, kwa historia yake, angetaka sana kujua kama ndugu zake wako salama.

3.4 Sheria

Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya mwaka 2011 ilikuwa na kifungu cha 25 kuhusu mawasiliano yanayokera. Januari 2023 Mahakama ya Katiba ilikibatilisha kwa kuwa kilikuwa na maana pana isiyopimika. Wakati huo, hata hivyo, marekebisho ya sheria hiyo yalikuwa yameshatiwa saini mwezi Oktoba 2022, yakiweka makosa mapya. Mgeni hana haja ya kusoma vifungu ili kuogopa. Inatosha asikie redioni kwamba mtu ameshtakiwa kwa maneno aliyoandika, kisha akumbuke kwamba ndani ya kundi la watu mia mbili ujumbe uliotumwa kwa mzaha na kijana unasomwa pia na asiyemjua kijana huyo.

4.0 Lugha ya mlangoni

Milango hiyo minne ilijengwa na serikali. Mlango wa tano, wa lugha, umejengwa kwa sehemu na wataalamu wa Kiswahili wenyewe, na kwa hiyo unastahili kutazamwa kwa makini katika jukwaa kama hili.

Mwezi Juni 2009 Facebook ilipata kiolesura cha Kiswahili kilichotafsiriwa kwa ushirikiano na wanazuoni wa lugha hiyo. Kabla ya hapo mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulikuwa umetoa programu ya ofisi ya Jambo OpenOffice mwaka 2004. WhatsApp nayo inaweza kuwekwa Kiswahili katika simu za Android. Kwa kigezo cha kuwepo, basi, Kiswahili kimeshafika kwenye simu ya mkulima wa Logiri. Swali ni kama ni Kiswahili anachokijua.

Historia ya Kiswahili cha West Nile ni tofauti na ya pwani, na tofauti pia na ya Buganda. Eneo hili liliingizwa rasmi katika Uganda mwaka 1914, baada ya kupita katika mikono ya tawala za Sudani na ya Mfalme Leopold. Wakoloni waliligeuza kuwa chemchemi ya askari na vibarua. Wanaume walijiunga na jeshi la KAR, ambalo lugha yake ya amri ilikuwa Kiswahili, au walikwenda kusini kwenye mashamba ya miwa, ambako makabila mengi yalikutana. Gavana William Gowers alipopendekeza mwaka 1927 kwamba Kiswahili kipewe nafasi kubwa katika elimu na utawala, upinzani mkubwa ulitoka Buganda. Idi Amin, ambaye ukoo wa baba yake ulitoka Koboko, alikitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973. Uhamishoni Kongo wengi walikizungumza sokoni, na biashara ya Ariwara imeendelea kukihitaji. Kwa hiyo West Nile ni miongoni mwa sehemu chache za Uganda ambako Kiswahili kina mizizi ya vizazi kadhaa.

Lakini mizizi hiyo imekua katika udongo wa namna fulani. Ni Kiswahili cha kuagiza, kuhesabu, kupatana bei na kuvuka kizuizi. Kilipita zaidi kwa wanaume, isipokuwa sokoni, ambako wanawake wafanyabiashara walikimiliki kwa haki yao. Kati ya mwaka 1979 na mwanzoni mwa miaka ya 1980, askari waliopita West Nile, wa jeshi hili au lile, walitoa amri zao kwa Kiswahili. Mji wa Arua unakumbuka mauaji ya Ombaci ya tarehe 24 Juni 1981. Kwa kizazi kilichoishi miaka hiyo, Kiswahili cha njeo ya kuamuru kina mwangwi wake.

Mtu wa kizazi hicho anapofungua programu iliyotafsiriwa, anakutana na maneno kama "Weka namba", "Thibitisha", "Ruhusu" na "Kubali". Kiingereza nacho hutumia vitenzi vya kuamuru mahali hapo, lakini nchini Uganda Kiingereza ni lugha ya shule na ofisi, na amri zake huchukuliwa kuwa maelekezo ya fomu. Amri fupi ya Kiswahili, bila "tafadhali" wala "naomba", humwendea msikilizaji huyu kwa njia nyingine. Lugha yenyewe ina adabu tele, na mzungumzaji wa pwani angeona ajabu kumwambia mgeni aliye mlangoni "Kubali" kabla ya kumwambia "Karibu". Ukavu huu umetokana na tafsiri ya neno kwa neno ya vitufe, iliyofanywa bila kujiuliza nani atasomewa.

Tatizo la pili ni istilahi. Hata miongoni mwa wataalamu, nenosiri, nywila na neno la siri yamekuwa yakishindana, kama ambavyo kompyuta imeshindana na tarakilishi na ngamizi. Wasifu, faragha, sasisha na pakua ni maneno mazuri, na mwanafunzi wa sekondari Morogoro au Mombasa anayajua. Hayakupita kambini wala sokoni Ariwara. Matokeo ni kwamba mzungumzaji halisi wa Kiswahili, anayeweza kuuza mihogo na kusuluhisha ugomvi kwa lugha hiyo, anajikuta hajui kusoma simu iliyoandikwa Kiswahili. Wengi katika hali hiyo huirudisha simu kwenye Kiingereza, ambacho hawakielewi vizuri zaidi, ila angalau kijana wa jirani anaweza kuwasaidia.

Kwa lugha za eneo hali ni ngumu zaidi. Kilugbara ni lugha ya toni, na maandishi yake yana herufi zenye alama ya ritifaa kama 'b na 'd ambazo hubadilisha maana. Kibodi ya simu iliyozoea Kiingereza hulivamia neno la Kilugbara na kulisahihisha liwe la Kiingereza. Huduma ya Google Translate iliongeza Luganda mwaka 2022, kisha Kiacholi na Kialur mwaka 2024. Kilugbara hakikuwamo katika nyongeza hizo. Mtu anayeandika salamu kwa dada yake na kuona maneno yake yakigeuzwa mbele ya macho yake ana haki ya kukasirika.

5.0 Ndani ya kundi

Pamoja na vikwazo vyote hivyo, wengi hatimaye waliingia, na tarehe zinaonyesha sababu. Mwezi Machi 2020 Uganda ilifunga shule na mipaka kwa ajili ya ugonjwa wa Korona. Shule hazikufunguliwa kikamilifu hadi tarehe 10 Januari 2022. Mikusanyiko ya mazishi iliwekewa mipaka. Michango ya matanga, taarifa za wagonjwa na maagizo ya walimu vilihamia kwenye makundi ya WhatsApp. Mgeni aliingia kwa sababu kubaki nje kulianza kumtenga na msiba wa ndugu yake. Huko ni kujiunga kwa kulazimika, na takwimu za watumiaji wapya haziwezi kukutofautisha na kujiunga kwa hiari.

Ndani alikutana na kanuni ambazo hazikufuata adabu ya kwao. Hadi mwaka 2019 mtu yeyote mwenye namba yake aliweza kumwingiza katika kundi bila kumwomba ruhusa. Mwaka huo ndipo WhatsApp ilipoongeza njia ya kujizuia, iliyofichwa ndani ya mipangilio. Kutoka kulikuwa kugumu kuliko kuingia, kwa kuwa hadi Agosti 2022 kundi zima lilitangaziwa kwamba fulani ameondoka. Katika kundi la ukoo, tangazo hilo husomeka kama mtu aliyesimama katikati ya kikao cha wazee akaenda zake bila kuaga. Tiki za bluu, zilizoletwa mwaka 2014, humwambia mtumaji kwamba ujumbe umefunguliwa. Kwa simu inayotumiwa na watu wanne, ni ushahidi wa uongo. Mwezi Januari 2021, katika mwezi uleule wa kufungwa kwa intaneti, WhatsApp iliwatumia watumiaji taarifa ndefu ya masharti mapya ya faragha ikiwataka wakubali. Baada ya malalamiko ya dunia nzima, tarehe ya mwisho iliahirishwa hadi Mei. Aliyekuwa amejiunga miezi michache tu nyuma aliitafsiri kwa kumbukumbu alizokuwa nazo: kibali kingine, tarehe ya mwisho nyingine.

Kifaa kimoja kilipokewa kwa namna tofauti. Ujumbe wa sauti, ulioanzishwa na WhatsApp mwaka 2013, hauhitaji tahajia, kibodi wala istilahi. Toni za Kilugbara zinabaki mahali pake. Mzee anaweza kuanza kwa salamu ndefu kama inavyotakiwa, kisha akahama kwenda Kiswahili anapomgeukia mkwe wa upande wa Kongo, na akamaliza kwa Kilugbara. Ujumbe huo hurudisha sehemu ya sifa za simu ya pamoja ya mwaka 2003: unaweza kusikilizwa na kaya nzima kwa wakati mmoja. Kwa mtafiti wa lugha, jambo hili lina maana kubwa. Mgeni alikuwa tayari kuzungumza tangu mwanzo, na lugha za kuzungumzia alikuwa nazo. Alichokikataa kilikuwa masharti ya maandishi yaliyotangulia mazungumzo.

6.0 Hitimisho na mapendekezo

Makala yameonyesha kwamba kusita kwa mgeni wa mitandao ya kijamii West Nile kuna tarehe zake: 2016, 2017, 2018, 2021 na 2022. Kila tarehe ni hatua ya sera iliyomfundisha aliyekuwa nje sababu ya kubaki nje. Mipango ya mafunzo inayoanza kwa kudhani kwamba mtu huyo hajui kitu itaendelea kushangaa kwa nini anahudhuria, anaelewa, kisha hajiungi.

Upande wa lugha una nafasi ya kurekebishwa mapema zaidi, kwa sababu hauhitaji mabadiliko ya serikali wala ya kampuni peke yake. Katiba ya Uganda ilikifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili kwa marekebisho ya mwaka 2005, na mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha kitumike rasmi na kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Shule itamfikia mtoto. Mzazi wa Logiri, ambaye tayari ana Kiswahili cha aina yake, hatapita darasani. Kwa hiyo yanapendekezwa mambo manne.

Kwanza, Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ishirikiane na mabaraza ya lugha kuandaa orodha moja ya istilahi za simu, nayo ijaribiwe mbele ya wazungumzaji wa kawaida katika maeneo kama Arua, Koboko, Aru na Bunia kabla ya kupelekwa kwa kampuni. Neno lisiloeleweka Ariwara haliwezi kuitwa la kikanda kwa sababu tu linaeleweka Dodoma.

Pili, watafsiri wa violesura wapewe mwongozo wa adabu ya lugha. Tofauti kati ya "Kubali" na "Tafadhali soma, kisha ukubali ukiridhika" ni ya herufi chache, na nafasi ya kitufe inaweza kupatikana kwa kuweka maelezo juu yake. Pale panapotakiwa taarifa binafsi, sababu ya kuitaka itajwe hapohapo.

Tatu, Kiswahili kisiletwe kuchukua nafasi ya Kilugbara, Kikakwa au Kialur. Historia ya Gowers inaonyesha gharama ya kukileta Kiswahili kama mshindani wa lugha za watu. Kwa West Nile nafasi yake ya asili ni ya daraja kati ya wenyeji na majirani wa ng'ambo ya mpaka, na maelekezo ya sauti katika lugha za eneo yatakiimarisha.

Nne, washauri wa sera wapime mafanikio ya ujumuishi wa kidijitali kwa uthabiti wa huduma pamoja na idadi ya waliojiunga. Serikali inayohimiza wazee wajiunge mwezi Juni, kisha ikafunga mtandao mwezi Januari, huwa imewaondoa wengi zaidi ya wale waliokatiwa mawasiliano siku hizo. Imewaonya pia wale waliokuwa bado wanatazama kutoka nje, na onyo hilo hudumu katika kumbukumbu muda mrefu baada ya mitandao kufunguliwa tena.